Majina Niliyoyakata

Nilikata majina ya watu kutoka kwenye albamu ya mtu aliyekuwa akimtafuta dada yake, kisha nikatangaza kwenye blogu yangu kwamba nimeisafisha. Naanza na hilo ili msomaji asidhani namletea habari za msichana aliyeacha shule akaibukia mtandaoni. Nimekaa na hasira zaidi ya mwaka. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, ila nitawagawia na wengine, kwa sababu wapo wanaostahili.

Shule niliacha kidato cha pili. Sikufukuzwa wala sikupata mimba, maana hayo ndiyo maswali ya kwanza watu huniuliza. Nilichoka kuambiwa kwamba ninachouliza hakimo kwenye mtihani. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimebangua korosho, nimepika kwenye nyumba ya wageni Mikindani, nimeuza vocha Masasi, nimefua mashuka Lindi, nimerudi Mtwara, nimeondoka, nimerudi tena. Lakini kila ninapofika, kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni watu wa hapo wanasikiliza nini, nani aliimba, aliimba wapi, na kwa nini wimbo wa tatu hauendani na wa pili. Wenzangu wakilala mchana wa mapumziko, mimi nilikuwa chali na simu sikioni, nasikiliza albamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka.

Blogu nayo ilizaliwa na hasira. Nilikuwa Shangani ya hapa Mtwara, nimekaa ukutani napunga upepo, karibu na mama mmoja aliyekuwa anauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya huku kwetu, na redio ndogo kando ya beseni. Mtangazaji alikuwa anaisifu albamu mpya ya kikundi kimoja cha taarabu. Alisema ni mahaba matupu, iwekeni harusini. Albamu ile nilikuwa nimeisikiliza mara nne. Nusu yake ilikuwa ya mwanamke anayemzika mtoto. Yule bwana alikuwa amesikiliza wimbo wa kwanza tu, na pengine hata huo hakuumaliza. Nilitikisa kichwa na kusonya mpaka muuza ming'oko akaniuliza kama nimedhulumiwa. Nikamwambia ndiyo.

"Pole dada. Na nani?"

Nikamwonyesha redio. Akavuta beseni lake, akalisogeza mbali nami kidogo.

Jioni ileile nikafungua blogu kwa simu. Kanuni ilikuwa moja: siandiki juu ya albamu ambayo sijaisikiliza yote. Nikiipenda nasema itafute, na naeleza kwa nini. Nikiichukia nasema okoa bando lako. Miezi ya mwanzo waliosoma walikuwa watu niliowatumia mwenyewe. Baadaye watu nisiowajua wakaanza kunitukana kwenye maoni, nikajua sasa inasomwa.

Kilichonipatia wasomaji hasa ni vita yangu na salamu. Wanamuziki wengi wa huku wakikaribia mwisho wa wimbo huacha kuimba na kuanza kutaja watu: fulani wa Mikindani, mzee wa mabasi, mama fulani wa duka la vitenge, mkwe wake aliyeko Newala. Anayetajwa ametoa chochote, au ana gari la kubebea vyombo, au bendi inaomba asisahau kuialika. Wimbo mzuri wa dakika nne unavutwa mpaka tisa. Niliandika makala ndefu kwamba salamu zinaua muziki wetu. Ilisambazwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Nikawa naitwa dada wa bila salamu, na nilipenda kuitwa hivyo. Mtu asije akanisafisha hapo.

Makala ile ilimfikia pia jamaa mmoja wa rika langu mwenye kibanda cha kuingizia nyimbo karibu na soko. Unampelekea simu, flashi au memori kadi, unamtajia unachotaka, anakujazia. Yeye alikuwa na kompyuta, mimi nilikuwa na maneno. Tukakubaliana: vikundi vinavyotuletea kazi zao, mimi naandika juu yao, yeye anaziweka mahali ambapo wasomaji wangu wanaweza kuzipakua. Baada ya makala ya salamu, wateja wake wakaanza kuuliza, "Unayo ile isiyo na makelele ya majina?" Akaanza kukata. Nilikaa pembeni yake nikimwelekeza wapi pa kukata, kwa sababu nina sikio la kujua wimbo umeishia wapi. Kazi hiyo tuliiita kusafisha.

Albamu ninayoizungumzia ilikuja na mama anayeleta kambale wakavu kutoka Kitaya, kijiji cha huku kwetu kilicho ukingoni mwa Ruvuma. Ilikuwa ndani ya memori kadi iliyofungwa kwenye nailoni pamoja na karatasi ya daftari. Karatasi iliandikwa kwa herufi kubwa: MSIKILIZE YOTE, HASA MWISHO. Chini yake palikuwa na namba ya simu.

"Kuna mtu wa ng'ambo ya mto anakaa kwetu, anaimba," mama yule akaniambia. "Amesema nimpe yule dada anayeandika mambo ya nyimbo."

Niliposoma karatasi nilicheka. Nilisema kila mwanamuziki anataka usikilize mwisho, kwa sababu mwisho ndiko alikowapanga wafadhili wake.

Nyimbo zilikuwa tisa. Gitaa la kujitengenezea, debe likipigwa kwa viganja, sauti ya mwanamume mmoja, na wanawake wachache wakiitikia kwa mbali kama wamekataa kuisogelea simu iliyokuwa inarekodi. Gitaa lilikuwa linaitangulia sauti kidogo kila mara, kama mtu anayetembea na mgonjwa, anatangulia hatua moja halafu anamsubiri. Nilisikiliza mara tatu nikasahau kula. Sikuwahi kusikia kitu cha namna ile kutoka mkoa huu na sijasikia tena.

Na kila wimbo ulimalizika kwa majina. Gitaa linashuka, mtu anaacha kuimba, anaanza kusema: jina na mahali, jina na mahali. Kitaya. Newala. Mikindani. Tandahimba. Vitongoji nisivyovijua. Dakika mbili, mara nyingine tatu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala na Kimakonde chake nakisikia, lakini cha ng'ambo ya mto nakishika nusunusu, na hiki kilikuwa kimechanganywa na Kireno. Ningeweza kuuliza. Namba ilikuwa pale kwenye karatasi, na bando lilikuwepo. Sikupiga. Nimeitafuta sababu kwa muda mrefu na sina nyingine zaidi ya hii: nilikuwa nimeshajua. Jina na mahali ni salamu. Mimi niliyemsonya mtangazaji kwa kusema asichokisikia nilikuwa nimesikia kila kitu, mara tatu, na bado sikuwa nimesikia.

"Kata mikia," nikamwambia jamaa wa kibanda.

"Mikia yote?"

"Yote tisa."

"Huyu ana watu, huyu," akasema, huku akivuta kipanya. "Ameimbia mkoa mzima. Angegombea udiwani."

Tulicheka. Kabla ya adhana ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza. Niliandika mapitio marefu kuliko yote niliyowahi kuandika, nikamsifu mtu yule kwa kila sifa niliyokuwa nayo, na mwishoni nikaweka maneno haya ambayo nayajua kwa moyo: "Nimekuondolea mnada wa majina. Pakua nakala safi, usihangaike na nyingine."

Usihangaike na nyingine. Niliandika hivyo.

Ikaenda. Bodaboda waliipiga, saluni zikaipiga, mafundi cherehani wakaipiga. Vibanda vingine viliichukua kwetu bila kuomba, na jamaa wa kibanda akavimba kifua kama yeye ndiye aliyeimba. Watu waliniandikia kunishukuru. Mmoja alisema nimeonyesha jinsi muziki wa kusini unavyopaswa kusikika. Niliisoma ile sentensi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwenyewe alikuja baada ya miezi kama miwili. Ilikuwa asubuhi, mimi na jamaa tuko kibandani, foleni fupi. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, ndala, mfuko wa nailoni mkononi. Alisubiri zamu yake kama mteja. Ilipofika akasema Kiswahili chake polepole, kama anayekanyaga mawe mtoni.

"Nimesikia wimbo wangu pale sokoni. Umekatika."

"Haujakatika, mjomba," jamaa akasema. "Umesafishwa. Ndiyo maana unapigwa. Sasa hivi unajulikana mji mzima."

"Ninajulikana na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

Jamaa akanitazama mimi. Nikamwamkia yule mtu, nikampa kiti, nikajitambulisha kwamba mimi ndiye mwandishi. Nilikuwa tayari kwa ugomvi wa wanamuziki, nimeuzoea. Wanakuja, wanafoka kwamba mfadhili amenuna, wanakunywa soda, wanaondoka. Huyu hakufoka.

"Dada, ulisoma karatasi yangu?"

"Nilisoma."

"Iliandika nini?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amejibu sawa, na hilo lilinichoma kuliko tusi.

Kisha akaeleza. Fujo zilipofika kwao ng'ambo, walikimbilia mtoni, watu wa kitongoji kizima, na mitumbwi haikutosha. Yeye alivuka na wengine. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alibaki akisubiri mtumbwi mwingine na watoto wake wawili. Mtumbwi huo haukufika mahali walipofika wao. Simu yake ililowa majini, namba zikapotea nayo. Tangu siku hiyo amekuwa akiuliza. Akisikia mtu wa kwao yuko mahali fulani, anamfuata au anatuma mtu kuhakikisha. Kila aliyempata alimweka kwenye wimbo, jina lake na mahali alipo, ili mwingine anayemtafuta asikie. Alikuwa hataki kwenda redioni kwa sababu redioni utaulizwa karatasi za ukaazi, na wapo wasio na karatasi. Wimbo unaingia kwenye simu ya mtu bila kumuuliza chochote. Memori kadi zinavuka mto pamoja na sukari na sabuni, zinakwenda mpaka mashambani ambako watu wa kwao wanaokota korosho za watu.

"Jina la dada yangu liko mwisho kabisa," akasema. "Kila wimbo. Nataja wote, halafu namwuliza yeye: na wewe, uko wapi? Halafu nasema mimi niko Kitaya."

Tulikuwa tumeanza kukata kutoka mwisho. Jina la dada yake lilikuwa la kwanza kwenda, mara tisa.

Mteja mmoja kwenye foleni, kijana wa bodaboda, akauliza kama tutachelewa. Nilimwambia aende kuzimu. Akasema, "Sista, mimi nataka singeli mbili tu." Nikamfukuza. Jamaa wa kibanda akanung'unika kwamba nawafukuzia watu riziki. Nilitaka kumpiga kwa kiti alichokalia mgeni.

"Kuna jambo jingine," yule mtu akasema. "Kwetu, kwenye kitongoji chetu, anayeimba anamaliza kwa kutaja waliopo. Ukiimba usitaje, maana yake umebaki peke yako. Huo ni wimbo wa msiba. Sasa nyimbo zangu zote tisa ni za msiba, na zinapigwa kila mahali. Naomba uniambie zimefika wapi."

Sikuweza kumwambia. Hakuna anayejua zimefika wapi. Kibanda kinampa kibanda, simu inaipa simu. Nilijivunia jambo hilo wiki iliyotangulia.

Nakala yake ndefu niliirudisha siku hiyohiyo. Niliifuta nakala fupi, nikaandika nilichofanya bila kujitetea, nikaweka namba yangu, nikawaomba wasomaji wafute waliyonayo na kuchukua hii. Niliwaeleza sababu yote: dada, watoto wawili, mto. Sasa nataka niwaeleze walivyonijibu, hao wasomaji niliokuwa nawapenda. Wapo waliosambaza, na hao Mungu awalipe. Lakini mmoja aliandika, "Admin rudisha ile safi, tuna harusi Ijumaa." Mwingine akasema pole kwa mhusika, ila kisanii ile fupi ni bora. Kisanii. Mwingine akaweka ile safi tena kwenye maoni, hapo hapo chini ya maneno yangu, na watu wakamshukuru kwa vidole gumba. Nilijibizana nao siku tatu. Niliwaita majina ambayo siyaandiki hapa. Halafu nikatambua kwamba kila neno walilotumia kutetea ile fupi walikuwa wamelitoa kwangu. Nilikuwa nimewafundisha.

Nikazunguka vibanda kwa miguu, mji mzima, kisha Mikindani. Nilikuwa na kadi yenye nakala ndefu, naomba wabadilishe. Wengine walikubali wakiona nimeanza kulia, maana sikuweza kujizuia na sikuona aibu. Mwenye kibanda mmoja, mzee wa kofia, aliniuliza:

"Hii ndefu ina tofauti gani?"

"Ina majina ya watu mwishoni."

"Aa, salamu. Wateja wangu hawataki salamu. Kuna dada mmoja mtandaoni ameeleza vizuri sana mambo hayo."

"Ni mimi."

"Ni wewe? Basi umeeleza vizuri."

Hakubadilisha.

Jamaa yangu wa kibanda naye tuligombana mpaka mwisho. Nilimwambia aweke tangazo kubwa mlangoni. Akasema tangazo litawatisha watu. Nikamwambia ameua. Akajibu kwa utulivu ambao bado unanitoa povu: "Mimi nilishika kipanya, mwandishi. Wewe ulisema mikia yote tisa." Nikachukua begi langu. Hatujaongea tangu hapo.

Simu ikaja baada ya wiki kadhaa. Mwanamke mtu mzima, mkulima wa korosho upande wa Tandahimba. Mwanawe alikuwa ameletewa na rafiki yake ile nakala ndefu pamoja na namba yangu, na mama huyo akaisikia ikipigwa uani.

"Ni wewe unayetafuta watu wa ng'ambo?"

Nikasema ni mimi. Akataja jina la dada yake yule mtu. Alilitamka sawasawa. Nilikuwa nimesimama barabarani, nikakaa chini palepale.

"Alikuwa hapa kwangu," akasema. "Yeye na wanawe wawili. Walituokotea korosho msimu mzima. Mtu mzuri, mkimya."

"Yuko wapi sasa, mama?"

"Subiri nikueleze, mwanangu. Walikuja vijana na pikipiki, wanapiga wimbo. Akasimama. Akasema huyu ni mdogo wangu. Tukapiga vigelegele. Akasema tulieni, tusikilize mwisho, atasema alipo. Ukaisha. Akasema labda huo una kasoro, wekeni mwingine. Vijana wakaweka mwingine. Akasikiliza zote. Halafu akajifunika kanga uso."

Nilikuwa nasikia kuku wakilia upande wake wa simu.

"Akasema mdogo wake lazima alirudi ng'ambo kumtafuta, sasa amebaki peke yake kule, anazika watu, hana hata mmoja wa kumtaja. Akasema huyu nimemlea mwenyewe, nimwacheje. Tulimwambia asubiri. Tulimsomea dua. Siku ya saba alichukua wanawe, akaenda kuvuka."

"Lini, mama?"

Akahesabu kwa sauti. Alikuwa ameondoka kama wiki mbili kabla ya yule mtu kuja kibandani.

Kutoka hapo kwake hadi Kitaya si safari ya kulala njiani. Laiti angesikia mkia mmoja tu kati ya tisa, angefika kwa mdogo wake kabla ya jua kuzama. Badala yake alirudi ng'ambo, kwenye kile alichokikimbia, na watoto wawili, kumfuata mtu ambaye hayuko huko. Sijui kama hasira yangu imewahi kuwa na mahali pa kukaa tangu nizaliwe, lakini siku hiyo ilipata makao.

Nilikwenda Kitaya kumwambia mwenyewe. Sikutaka kumwambia kwa simu. Nilimkuta kwenye bustani yake ya mboga karibu na mto, anamwagilia. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikikaa nitatafuta maneno mazuri. Alisikiliza akiwa ameshika ndoo. Nilipomaliza alimwaga maji yaliyobaki kwenye tuta lililokuwa limeshaloa.

"Watoto walikuwa wazima?" akauliza.

"Mama yule amesema wazima. Mkubwa amerefuka."

"Amerefuka," akarudia.

Wanawake waliokuwa wakiitikia kwenye nyimbo zake walikuja mmoja mmoja, na mmoja wao alinitazama kwa namna ambayo nilistahili. Alisema kitu kwa Kimakonde chao. Nilikielewa chote safari hii. Alisema, "Huyu ndiye mwenye mkasi."

Walibishana kama avuke kumfuata. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema kama dada yake amefika akakuta hakuna mtu, atakuwa anarudi, na watapishana kwenye maji. Wimbo utangulie. Alipeleka ujumbe kwa wanaovusha sukari, na akasema anarekodi upya.

Safari hii hakuweka majina mwishoni. Aliyaingiza ndani, kwenye kiitikio, kwenye beti, jina na mahali katikati ya mstari, na debe likilipigia kila jina pigo lake. Nilikaa naye siku nne, nimeshika simu ya kurekodia. Nilijaribu kusema mahali fulani pamejaa mno, pangepumua kidogo. Nilijisikia nikisema hivyo, nikanyamaza. Akaendelea kana kwamba hakusikia. Ninavyojua mimi, na hili ndilo jambo ninalolijua, albamu ya pili si nzuri kama ya kwanza. Gitaa halipati nafasi ya kusubiri. Sitaiandikia mapitio.

Kabla ya wimbo wa kwanza alinipa simu mimi.

"Utaanza wewe," akasema. "Sema kwa Kiswahili."

"Niseme nini?"

"Ulichofanya."

Nilisema kwamba albamu iliyotangulia ilikatwa majina, kwamba niliyakata mimi, kwamba haikuwa ya msiba na watu wapo. Alinifanya nirudie mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza nilikuwa naeleza nilivyojisikia. Akasema hayo hayavuki mto.

Kadi zilipelekwa, kwa wavushaji, kwa waokotaji korosho, kwa mama wa kambale. Nyingine nilizipeleka mwenyewe kwenye vibanda nikasimama mpaka ziingizwe. Mpaka leo ninapoandika, hakuna aliyepiga simu kusema amemwona mwanamke mwenye watoto wawili. Namba yangu naiacha wazi saa zote. Wanaopiga huuliza kama nitaanza tena kuandika juu ya albamu. Huwa nakata.

Wiki iliyopita nilikuwa nakunywa chai mgahawani Mikindani, sabufa ikawashwa, nikaisikia albamu ya pili. Sauti yangu haikuwepo. Mtu wa kibanda fulani ameiona ni maneno tu, ameiondoa. Nilikuwa nimeshainuka kwenda kumuuliza mwenye mgahawa ameitoa wapi, nimekunja ngumi kabisa. Kisha gitaa likaingia, na kwenye mstari wa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, likaja jina la dada wa yule mtu, halafu Kitaya. Nikakaa. Nikamwambia mwenye mgahawa aongeze sauti.